Kampuni yetu ya Mtwara imenunuliwa: je, seva yetu ndogo inaweza kuungwa na mtandao wa makao makuu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ni mhasibu kwenye kampuni ya kununua na kubangua korosho hapa Mtwara Mjini, na kwa kuwa wenzangu wananiona ndiye ninayejua kompyuta, mambo ya seva yameniangukia. Tunayo moja tu, Windows Small Business Server (SBS) 2011, iliyofungwa na fundi ambaye siku hizi hayupo mkoani. Inabeba barua pepe, mafaili, Tally (programu ya mahesabu) na akaunti za watu 23, wakiwamo wanne wa Masasi wanaoingia kutokea huko huko. Sasa tumenunuliwa na kampuni kubwa ya Dar es Salaam. Watu wao wa TEHAMA wanasema watafika Ijumaa, wataunga seva yetu na mtandao wao, na Jumatatu tutaendelea na kazi kama kawaida. Nina hofu. Je, inawezekana? Barua za zamani zitapona? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Hofu yako ina msingi. Seva ya aina hiyo haiungwi na kikoa (kundi la akaunti na kompyuta zinazosimamiwa pamoja) cha kampuni nyingine, wawe na Ijumaa moja au mwezi mzima, kwa sababu walioitengeneza waliifunga njia hiyo makusudi. Kinachohama ni watu, barua zao, mafaili yao na kompyuta zao. Seva yenyewe inabaki ilipo mpaka siku ya kuzimwa. Wageni wako wakilielewa hilo kabla hawajaanza safari, mtaokoa mengi.

Microsoft waliitoa SBS kwa ajili ya ofisi zisizozidi watumiaji au vifaa 75. Kwa bei moja nafuu ulipata vitu ambavyo kampuni kubwa hununua kimoja kimoja: Active Directory inayotunza akaunti, Exchange 2010 ya barua pepe, SharePoint, usimamizi wa masasisho, na ukurasa wa kuingilia ofisini ukiwa nje. Ili makampuni makubwa yasikimbilie bei hiyo, wakaiwekea masharti. SBS lazima ishike yenyewe majukumu makuu yote matano ya Active Directory. SBS mbili haziruhusiwi kwenye kikoa kimoja. Na haikubali kuaminiana na kikoa kingine (yaani akaunti za upande mmoja kutambuliwa upande wa pili), jambo ambalo ndilo hasa mafundi wa makao makuu hulitegemea wanapounganisha kampuni mbili. Ukiyahamishia majukumu yale kwenye seva nyingine, SBS inakupa siku 21 za kumaliza uhamisho. Zikipita inaanza kujizima, na ukiiwasha inajizima tena.

Lipo na suala la usalama, na hapa ningeomba uwe mkali. Windows Server 2008 R2, ambayo ndiyo msingi wa SBS 2011, iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Exchange 2010 ikafuata tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilienea duniani kupitia tundu kwenye SMB toleo la kwanza, ile njia ya kushirikiana mafaili, wakati kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa tangu Machi. Waliopata hasara ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Kama tangu fundi wenu aondoke hakuna aliyeisasisha hiyo seva, basi ukiifungulia njia pana kwenda Dar es Salaam, unauweka mtandao wote wa kampuni kubwa katika hatari, na siku kikinuka kidole kitaelekezwa Mtwara. Kwa muda wa kuhama, ukuta wa moto (firewall, kichujio cha mawasiliano ya mtandao) uruhusu mawasiliano yale tu yanayohitajika, kati ya mashine zinazojulikana.

Mafundi watakuambia ipo njia ndefu, na kweli ipo. Unaweka seva ya kawaida ya Windows kwenye kikoa chenu, unahamishia majukumu matano huko, unahamisha masanduku yote ya barua, unaondoa Exchange (inakataa kuondoka ikiwa bado ina masanduku), unaishusha SBS cheo isiwe tena msimamizi wa kikoa, ndipo vikoa viwili vinaruhusiwa kuaminiana na zana ya kuhamisha akaunti iitwayo ADMT inaweza kufanya kazi. Faida yake ni kwamba akaunti zinahama pamoja na historia ya utambulisho wake, hivyo ruhusa za zamani za mafaili zinaendelea kutambulika. Kwa kampuni ya watu mia kadhaa ningeifuata. Kwa watu 23 ni kujitafutia kazi. Akaunti 23 mpya zinafunguliwa asubuhi moja, na ruhusa za folda zenu pengine zinahitaji kupangwa upya hata kama msingenunuliwa. Ushauri wangu ni njia fupi: akaunti mpya kwenye kikoa cha makao makuu, data inanakiliwa, kompyuta moja moja inatoka kikoa cha zamani na kuingia kipya.

Uanzie wapi? Usianze na seva. Anza kwa kuzunguka ofisi na daftari mkononi.

Seva ya ofisi ndogo iliyokaa miaka mingi inaning'iniziwa vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka mpaka vinyamaze. Printa kubwa ya mapokezi inayoskani nyaraka na kuzitupa kwenye folda: ndani yake kuna jina la akaunti na nenosiri la seva ya zamani. Kompyuta ya mizani ghalani inayoandika uzito wa magunia kwenye folda ya pamoja. Mashine ya alama za vidole ya mahudhurio. Kamera za ulinzi zenye anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) iliyoandikwa kwa mkono. Simu ya mkurugenzi inayovuta barua moja kwa moja kutoka Exchange yenu. Kila kimoja kiandike: kipo wapi, kinazungumza na seva kwa jina au kwa namba, na kinatumia akaunti gani.

Kisha iulize seva yenyewe. Siku ya kazi, saa nne hivi asubuhi watu wote wakiwa mezani, fungua sehemu ya kusimamia folda za pamoja na utazame vipengele viwili, watu waliounganishwa na mafaili yaliyofunguliwa. Utaona majina ya kompyuta yote yanayotumia seva dakika ile na faili gani kila mmoja ameshika. Fungua pia orodha ya anwani zilizogawiwa na DHCP, huduma inayovipa vifaa anwani za mtandao. Jina lolote usilolijua kwenye orodha hizo mbili ni kifaa ambacho daftari lako halijakifikia, kitafute mpaka ukione kwa macho. Rudia siku za mwisho wa mwezi, maana mishahara na taarifa za kodi hutumia folda ambazo siku nyingine haziguswi. Angalia na kazi zilizopangwa kujiendesha usiku. Huenda fundi wenu aliacha moja inayonakili Tally kwenda diski ya nje, na ninyi mkawa mnaishi kwa amani kwa sababu ya hiyo bila kujua.

Ukimaliza vifaa, tafuta funguo. Nenosiri la msimamizi mkuu wa kikoa unalo? Nenosiri la kurejesha Active Directory, lile lililowekwa siku ya ufungaji, liko wapi? Na jina lenu la intaneti, lile la .co.tz ambalo barua pepe zinapitia, limesajiliwa kwa jina la nani? Mara nyingi sana ofisi ndogo hukuta jina hilo limesajiliwa kwa jina la fundi na barua pepe yake binafsi. Kama ni hivyo, mtafute sasa, kwa upole, jina lirudishwe kwa kampuni. Bila mamlaka ya kubadilisha rekodi za jina hilo, barua zenu haziendi popote.

Halafu bakapu. Nina hakika utaambiwa ipo. Omba kuiona ikirejeshwa. Chukua kompyuta nyingine, rejesha folda moja ya mahesabu na sanduku moja la barua, fungua faili la mwaka juzi, soma barua moja yenye kiambatisho. Vikifunguka, una bakapu. Visipofunguka, kazi yote inasimama mpaka hilo lipone, na usimruhusu mtu yeyote aguse chochote hata akija na cheo gani.

Sasa anwani. Ruta nyingi za ofisi hutoka kiwandani zikiwa na mtandao wa 192.168.1 au 192.168.0, na mafundi wengi huziacha hivyohivyo. Ikiwa ofisi yenu na tawi lingine la kampuni kubwa yote yanatumia 192.168.1, VPN (njia ya siri kupitia intaneti) ya kuwaunganisha haitajua 192.168.1.10 ni seva yenu au ni printa ya wenzenu. Waombe makao makuu wawapangie fungu lenu la anwani na mbadilishe mapema, wiki kadhaa kabla ya mambo mengine, ili matatizo ya anwani yasichanganyike na matatizo ya akaunti. Siku chache kabla ya kubadilisha, punguza muda wa kukodisha anwani kwenye DHCP uwe saa moja, kompyuta zitachukua namba mpya haraka. Vile vyenye namba za mkono, kamera, printa, mizani, utavipata kwenye daftari lako. Na waonye wageni: mtu akichomeka ruta yake inayogawa anwani kwenye swichi yenu, SBS ikiigundua inasimamisha huduma yake ya DHCP papo hapo. Ghafla watu wanapoteza mtandao na kila mmoja anadhani seva imekufa.

Barua pepe nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo uliyoiulizia na ndiyo yenye mitego mingi.

Barua za zamani zinapona, ilimradi zitolewe kwa utaratibu. Kama makao makuu wanatumia Microsoft 365 (huduma ya Microsoft ya barua na mafaili ya mtandaoni), kuna njia ya kuhamisha masanduku yote kwa mkupuo kutoka Exchange. Lakini njia hiyo haifanyi kazi kama kampuni imeshaunganisha orodha yake ya watumiaji wa ndani na ile ya mtandaoni, na kampuni kubwa nyingi zimefanya hivyo. Waulize hilo kwanza. Jibu likiwa ndiyo, mtatoa kila sanduku kuwa faili la PST (faili la Outlook linalobeba sanduku zima) kisha muliingize kwenye sanduku jipya. Exchange mliyonayo inaweza kufanya hivyo kwa amri ya New-MailboxExportRequest. Inakwamisha watu kwa sababu mbili. Kwanza, hata msimamizi mkuu hana ruhusa ya kutoa masanduku mpaka ajipe mwenyewe, kisha afunge dirisha la amri na kulifungua upya. Pili, folda ya kupokelea lazima iwe ya pamoja kwenye mtandao, na kundi liitwalo Exchange Trusted Subsystem lipewe haki ya kuandika humo. Bila haya amri inakataa kwa maneno yasiyosaidia sana. Njia ya IMAP (mfumo wa kawaida wa kusoma barua kutoka seva) ni rahisi kuliko zote, ila inabeba barua tu. Kalenda na anwani za watu zinabaki nyuma.

Piga hesabu ya mtandao mapema. Tuseme masanduku 23 yana wastani wa GB 4 kila moja, jumla GB 92. Kwa laini inayopakia Mbps 10 bila mtu mwingine kuigusa, hiyo ni zaidi ya saa 20 mfululizo, na laini ya ofisi haikai bila kuguswa. Ama mpakie usiku kwa usiku, ama muweke PST kwenye diski iliyofungwa kwa nenosiri kwa BitLocker (kifungio cha Windows) na mtumishi wa kampuni aipeleke Dar es Salaam mwenyewe. Njia ya diski naipenda kwa ofisi za kusini. Ila nenosiri lake lisisafiri pamoja nayo, na nakala ibaki Mtwara.

Jambo linalofuata mafundi wengi hulisahau. Ndani ya kampuni yenu, Outlook haimtambui mwenzako kwa anwani yake ya barua pepe. Inamtambua kwa jina refu la ndani ambalo Exchange ilimpa siku akaunti yake ilipofunguliwa. Mkishahama, ukijibu barua ya zamani ya mtu wa ghalani, au ukiandika herufi mbili za jina lake na Outlook ikakumalizia, barua itatumwa kwa lile jina refu la zamani na itarudi ikisema mpokeaji hayupo. Watu watapiga kelele kwamba barua hazifiki, ilhali kutoka nje zinaingia vizuri. Dawa ni kuorodhesha, kabla Exchange haijazimwa, sifa iitwayo legacyExchangeDN ya kila mtumiaji, na kuwapa masanduku mapya thamani hizo kama anwani za aina ya X500. Ni kazi ya nusu saa ikifanywa mapema. Ikisubiri seva ifutwe, mtazichimbua namba hizo kutoka kwenye barua zilizorudi, moja baada ya nyingine.

Mtego wa pili ni wa siku za katikati, masanduku yakiwa yameshahamia kwenye huduma mpya lakini kompyuta bado zimo kwenye kikoa cha zamani. Outlook iliyo ndani ya kikoa huiuliza Active Directory kwanza sanduku lipo wapi, na Active Directory yenu itaendelea kujibu kwamba lipo kwenye seva ya Mtwara. Fundi aifute hiyo anwani ya Autodiscover ya ndani siku ileile mnayohama. Vinginevyo watu wataendelea kufungua sanduku la zamani na kushangaa mbona hakuna barua mpya.

Rekodi za jina lenu la intaneti, lile la .co.tz, ni fupi kueleza. Siku mbili kabla, punguza muda wa kuhifadhiwa kwa rekodi ya MX (inayoelekeza barua ziende seva gani) uwe sekunde 300. Siku yenyewe elekeza MX kwenye huduma mpya na ubadilishe rekodi ya SPF (inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu) ili barua mnazotuma zisihesabiwe za matapeli. Acha seva ya zamani ikiendelea kupokea kwa siku kadhaa kwa ajili ya watumaji ambao mitambo yao bado imeshika rekodi ya zamani, na mtu aitazame kila jioni.

Mafaili ni kazi nyepesi zaidi. Nakili kwa robocopy (amri ya Windows ya kunakili) siku kadhaa kabla, kisha jioni ya kuhama nakili tena yale yaliyobadilika tu. Muwe waangalifu na chaguo la /MIR: linafuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza, kwa hiyo mtu akikosea kupanga chanzo na lengo, anafuta kilicho hai. Ruhusa za zamani msizibebe. Kwenye kikoa kipya zitaonekana kama mistari ya namba inayoanza na S-1-5-21, isiyo ya mtu yeyote. Tengenezeni makundi mapya ya uhasibu, ghala na utawala, muwape folda zao.

Ila kabla kompyuta yoyote haijatoka kwenye kikoa, angalia kama folda za nyaraka za watumiaji zimeelekezwa kwenye seva. SBS ina uwezo huo na mafundi wengi waliuwasha. Mtumiaji anaona nyaraka zake ziko kwenye kompyuta yake, kumbe ziko kwenye seva, na siku kompyuta ikitoka kwenye kikoa anakuta folda tupu. Katika sera ya kikoa kuna chaguo la kurudisha folda kwenye kompyuta ya mtumiaji sera inapoondolewa. Lichague, watu waingie na kutoka, na uhakikishe kwa kukata waya wa mtandao kwenye kompyuta moja na kufungua faili. Likifunguka bila waya, limerudi.

Hakikisha pia kila kompyuta ina akaunti ya msimamizi wa ndani, iliyo hai, yenye nenosiri unalolijua na ulilolijaribu. Kompyuta ikishatoka kwenye kikoa cha zamani, akaunti za kikoa hicho hazitakuingiza tena, na kama hakuna akaunti ya ndani utakuwa umejifungia nje ya mashine nzima. Angalia na toleo la Windows. Toleo la Home haliingii kwenye kikoa kabisa, Windows 7 iliacha kusaidiwa Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Makao makuu wenye utaratibu watazikataa. Orodha ya kompyuta za kubadilishwa iwafikie mapema, iingie kwenye bajeti ya aliyewanunua. Hali kadhalika leseni za watumiaji mlizonunua na SBS, hazihamii kwenye seva za kawaida.

Tally iombee siku yake peke yake. Leseni yake imefungwa kwenye mashine. Ndani ya programu yenyewe kuna sehemu ya kurudisha leseni, nawe unapaswa kuirudisha kutoka seva ya zamani ikiwa bado hai na ina intaneti, ndipo uiwashe kwenye mashine mpya. Na data ya Tally ibaki Mtwara. Ukiiweka Dar es Salaam na kuifungua kupitia VPN, kila vocha itaenda kwa kusuasua, na laini ikikatika katikati ya kuandika, data inaweza kuharibika. Kama makao makuu wanataka kuiona, waingie wao kwenye mashine yenu kwa mbali. Wenzako wa Masasi nao wapangiwe njia mpya ya namna hiyo, kwa sababu ule ukurasa wanaoingilia ni sehemu ya SBS na utakufa nayo.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ambalo ningekuomba ulisimamie kuliko yote, hata mbele ya watu wanaojua kompyuta kukuzidi. Mpango wa kawaida wa kampuni kubwa ni kuondoa kila kitu tawini na kuacha ruta tu, huku akaunti, anwani na mafaili yote yakitoka makao makuu. Kwenye karatasi unapendeza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikayumba vibaya Tanzania na nchi jirani. Mwanzoni mwa mwezi huohuo mvua za kimbunga Hidaya zilikuwa zimekata barabara ya kusini maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, hivyo hata fundi mwenye kifaa mkononi asingefika Lindi wala Mtwara kwa gari. Kati yenu na Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 500. Ofisi iliyo mbali hivyo lazima iweze kufungua kompyuta, kuchapa na kuandika hesabu siku ambayo laini imelala.

Omba basi seva ndogo ya tawi: inayothibitisha akaunti, inayogawa anwani na kutafsiri majina ya mashine kuwa namba, na yenye mafaili yenu ya kila siku, ambayo hunakiliwa Dar es Salaam usiku. Wakihofia kuweka nakala ya akaunti za kampuni nzima kwenye chumba cha Mtwara, hofu hiyo ni halali na ina jibu: kuna aina ya seva ya kikoa ya kusoma tu, ambayo hushika nenosiri za wale tu walioruhusiwa. Sharti watumiaji wa Mtwara na kompyuta zao waingizwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa na nenosiri zao zipakiwe mapema, la sivyo siku laini ikikatika seva itakuwepo na bado haitamtambua mtu. Omba na laini ya pili kutoka kampuni tofauti, na UPS inayoweza kuizima seva kwa heshima umeme unapokatika.

Kuhusu wakati, wewe unajua kuliko wao. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, na tangu hapo mpaka msimu ukatulie kila siku kuna malipo, stakabadhi za ghala na malori. Asiwepo mtu wa kugusa seva kipindi hicho. Kama mnanunua na ufuta, katikati ya mwaka nako kumejaa. Dirisha zuri ni Februari, msimu wa korosho ukiwa umeisha na vifaa vikiwa vimeshafika kabla mvua za Machi na Aprili hazijaharibu barabara. Anzeni na kompyuta mbili, moja ya uhasibu na moja ya ghala, zikae kwenye kikoa kipya wiki mbili zikifanya kazi halisi, ndipo wengine wafuate kwa makundi madogo.

Mkishamaliza, seva ya zamani izimeni lakini msiifute. Ikae kimya walau mpaka mwisho wa mwezi mmoja wa mahesabu upite, muone kama kuna kitu kitakachoitafuta. Baada ya hapo ibadilishwe kuwa mashine ya kufikirika, faili moja linaloweza kuwashwa kwenye seva nyingine isiyo na mtandao siku mkitaka kusoma jambo la zamani. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, na mkaguzi hatapokea jibu kwamba zilikuwa kwenye seva ya zamani. Kwa upande mwingine, humo mna majina, namba za simu na akaunti za benki za wakulima na wafanyakazi, na hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Diski za zamani zisiuzwe wala zisipewe mtu kabla hazijafutwa kwa programu ya kufuta kabisa, au kutobolewa.

Kwa hiyo waandikie makao makuu leo, kabla ya Ijumaa, na nakala kwa mkurugenzi wako. Waambie seva ni SBS 2011 na haikubali kuaminiana na kikoa kingine. Waulize kama orodha yao ya watumiaji imeunganishwa na Microsoft 365, wanawapangia fungu gani la anwani, na nani atalipia seva ya tawi. Ijumaa waje, karibu sana, lakini waje kuzunguka ofisi pamoja nawe na lile daftari, na kushuhudia bakapu ikirejeshwa. Wakishika bisibisi siku hiyo, waambie isubiri Februari.